Maneno Nayo Yanauzwa?

Ndugu msomaji, naanza na aibu yangu mwenyewe, usije ukadhani nahukumu wenzangu nikiwa nimekaa juu ya mti. Mwaka juzi mshereheshaji mmoja wa huku kwetu Sikonge aliniomba nimwandikie vichekesho vya harusi. "Mdogo wangu, wewe si ndiye unayeandika vitabu? Nipe vya kuvunja mbavu." Nikakesha siku mbili, nikajaza kurasa sita za daftari. Harusini watu walicheka mpaka wakashika viti. Malipo yangu yakawa pilau na soda. Baadaye nikavisikia vichekesho vile vile kwenye harusi nyingine mbili, na bahasha kapokea yeye. Nilipomuuliza, akanishangaa: "Sasa mdogo wangu, maneno nayo yanauzwa?"

Swali hilo limenikaa kichwani. Kijiweni kwetu wengi tumemaliza kidato cha nne, kazi hakuna, mfukoni ukapa, lakini kuchekesha tunajua. Je, kipaji hiki chaweza kuwa biashara, hata ndogo, au ni kelele za vijana wenye njaa? Nimeamua kulijibu kwa kuwapima wachekeshaji ambao maneno yao yalipata bei.

Wa kwanza ni wa nyumbani: mtani. Wapagazi wa Kinyamwezi walitoka huku Unyanyembe na pembe za ndovu mabegani, wakaenda kwa miguu hadi Bagamoyo. Njiani walipita kwa Wagogo na kwa Wazaramo, na wazee husimulia kwamba utani wetu na watu hao ulikomaa katika safari hizo. Sasa mtazame mtani msibani. Anaigiza marehemu alivyokuwa akitembea, anazuia jeneza lisitoke mpaka apewe chochote, na wafiwa wanacheka huku machozi yanawatoka. Wapo wanaosema huo ni ulaji tu. La hasha! Mtani huyo huyo ndiye anayeshika jembe kaburini na kuchota maji. Tena ulimi wake una mipaka: humtania yule ambaye naye, zamu ikifika, atamrudishia. Analipwa kwa sababu amewafanyia wafiwa kazi ambayo wao wenyewe hawaiwezi siku ile. Kumbe kichekesho ni huduma. Wangapi kati yetu tunalikumbuka hilo? Sisi tunamcheka kilema, tunamcheka mshamba, tunamcheka asiye na namna ya kujibu, kisha tunalalamika kwamba watu hawatoi hela.

Wa pili ni jarida la Sani la Dar es Salaam, lililoanza miaka ya 1970. Jina lenyewe ni la ubia: Saidi Bawji na Nico ye Mbajo waliunganisha mianzo ya majina yao. Mimi nimelisoma kwenye nakala kuukuu, zilizokuwa ndani ya sanduku la mjomba, nyingine hazina jalada. Bado nilicheka. Kwa nini? Kwa sababu ya wahusika. Chukua Lodi Lofa: jina tu limeshamaliza nusu ya kazi, lodi kwa kujikweza, lofa kwa mfuko. Chukua Ndumilakuwili, ambaye kila mtaa unaye. Kichekesho cha kawaida hufa siku ile ile kinaposemwa, lakini mhusika hurudi toleo lijalo, na msomaji hutoa hela yake kuona safari hii atafanya nini. Philip Ndunguru, mmoja wa wachoraji wakubwa wa jarida hilo, alifariki mwaka 1986 akiwa bado kijana, na wahusika wake wakaendelea kuchorwa na mikono mingine. Huo ndio mtaji. Kasoro sitaificha: katika nakala nilizosoma, wanawake wengi wamewekwa kama chambo cha tamaa tu, hawana lao la kusema. Kwa kipimo cha mtani, hapo Sani imeanguka, kwani imemtania asiyepewa nafasi ya kujibu.

Wa tatu ni Mzee Majuto, yaani Amri Athumani wa Tanga. Huyu hakuhitaji hata sentensi ndefu. Hukodoa macho, hununa, hung'aka kwa hasira ya mzee asiyetaka kushindwa, nawe umeshacheka kabla hujajua unacheka nini. Nchi nzima ilimjua, matangazo ya biashara yakajaa sura yake. Lakini mwaka 2018, akiwa mgonjwa, ndipo tuliposikia habari za mikataba isiyomnufaisha, hadi waziri aliyehusika na sanaa wakati huo, Dk. Harrison Mwakyembe, akaunda kamati ya kuipitia mikataba ya wasanii. Tarehe 8 Agosti mwaka huo mzee akatutoka. Nilipolisikia jambo hilo niliacha kujionea huruma kwa ajili ya pilau yangu. Kama jitu zima la kipaji kile liliumizwa na karatasi, mimi wa kurasa sita ni nani?

Basi nimejifunza nini? Kwamba mtani anajua kazi yake, Sani ilijua mali yake, na Majuto, fundi kuliko wote, alikosa karatasi ya kumlinda. Mwenye kipaji asiyejua hayo matatu atachekesha maisha yake yote na kulala njaa.

Nimeirudia hata riwaya yangu. Ndani yake palikuwa na mlevi anayeanguka mtaroni kila sura. Nilipowasomea washikaji hawakucheka, na walikuwa na haki. Mlevi yule hakuwa na la kunijibu, nilikuwa namsukuma tu. Sasa nimempa ulimi, na ananisumbua kila nikishika kalamu.

Na yule mshereheshaji alirudi mwezi uliopita, ana harusi ya mkulima wa tumbaku. Nikamwambia, "Kaka, yanauzwa. Nusu kabla sijaandika, nusu ukishasoma, na ukirudia kwenye harusi nyingine tunaongea upya. Tuandikishane hapa." Akacheka sana, akadhani namtania.

Nikamsogezea daftari na kalamu. Akatia sahihi.