Kufua, Kusubu na Kughushi: Uhakiki wa Rasimu ya Istilahi za Injini

Miongoni mwa rasimu zilizofika mezani petu imo moja inayohusu kazi ya kuifumua injini ya gari kuukuu na kuifunga upya, hasa uchaguzi wa pistoni na konrodi zenye nguvu kuliko zile zilizotoka nazo kiwandani. Mtayarishaji wake hatumtaji, maana shabaha yetu ni maneno wala si mtu. Kazi yake ina juhudi, na mahali pengine ina uteuzi mzuri kabisa: tumefurahi kuona kwamba amelifufua neno *kukereza* kwa kazi ya kuipanua silinda iliyolika, badala ya *kutoboa* ambalo wafasiri wengine walilikimbilia kwa kudanganywa na sauti ya *kuboa*, neno la gereji. Silinda ikitobolewa imeharibika, ikikerezwa imetengenezwa. Lakini rasimu hii imekusudiwa wanafunzi wa ufundi na wafasiri wa vitabu vya maelekezo, na katika fani hii istilahi mbovu haiishii katika kuchekesha, bali huweza kuivunja injini.

Kosa lililo kubwa kuliko yote ni *pistoni ya kughushi*. Asili yake yafahamika. Kiingereza kina tamko moja linalobeba kazi ya mhunzi anayeponda chuma cha moto na vilevile kazi ya mtu anayetengeneza hati ya uongo. Mfasiri ameshika maana ya pili akaiacha ya kwanza. Kwa Mswahili kughushi ni kutia udanganyifu: hughushiwa hati, sarafu, hata maziwa. Sasa tumfikirie mwenye gari aliyefika duka la spea akiwa na hofu moja tu, nayo ni kuuziwa kitu cha bandia. Kitabu kinamwambia kwamba pistoni bora kwa injini inayofanya kazi ngumu ni ya kughushi. Ama ataicha pistoni iliyo imara kupita zote, ama ataona kwamba Kiswahili hakifai kwa mambo ya ufundi, na hili la pili linatuuma zaidi.

Wala hapakuwa na haja ya kwenda mbali. Lugha yetu ina *kufua* tangu zamani za kale: mfua chuma, mfua fedha, mfua dhahabu. Ina pia *kusubu*, yaani kuyeyusha madini na kuyamimina katika kalibu yashike umbo. Basi pistoni ya kufua na pistoni ya kusubu ni jozi kamili, na tofauti ya kazi imo ndani ya vitenzi vyenyewe. Aliyepata kutuambia kwamba neno *kufua* litawakumbusha watu nguo chafu alisahau kwamba Waswahili hufua nguo, hufua nazi, hufua chuma, na siku hizi hufua umeme, na hakuna aliyeanika chuma kambani. Kitendwa ndicho kinachoamua maana.

Tofauti hiyo yafaa ielezwe kidogo, kwa kuwa istilahi nyingine zinaitegemea. Pistoni ya kusubu hutengenezwa kwa aloi ya aluminiamu na silikoni, na aghalabu silikoni hufikia kiasi cha asilimia 12. Ziko zinazotiwa asilimia 16 hadi 18. Silikoni hupunguza kutanuka kwa pistoni inapopata joto, hivyo yaweza kukaa karibu sana na ukuta wa silinda. Upungufu wake ni kwamba ikipigwa na mshindo wa ghafla hupasuka. Pistoni ya kufua hutokana na bonge la aloi lililoshindiliwa kwa nguvu kubwa likiwa moto. Aloi mojawapo inayotumika sana, ile yenye namba 2618, haina silikoni ila chembe tu. Hustahimili mateso, lakini hutanuka zaidi, na kwa hiyo hudai nafasi kubwa zaidi baina yake na silinda. Injini ikiwa baridi husikika ikigongagonga, kisha hutulia ikipata moto. Iko na aloi 4032, yenye silikoni kiasi cha asilimia 12, ambayo hukaa katikati ya hizo mbili. Fundi asiyejua pistoni yake ni ya aina gani hawezi kujua aipe nafasi gani.

Hapa ndipo rasimu inapoangukia shimo la pili. Imetumia neno *uwazi* kwa vipimo viwili visivyohusiana. Cha kwanza ni nafasi iliyopo baina ya ubavu wa pistoni na ukuta wa silinda. Cha pili ni ule mwachano uliopo baina ya ncha mbili za ringi inapokuwa imo ndani ya silinda. Katika silinda yenye kipenyo cha milimita 90 hivi, kama ile ya Land Rover ya petroli ya sentimita za ujazo 2286 ambayo wengi wetu tumepata kuipanda, kipimo cha kwanza kwa pistoni ya kusubu ni kama milimita 0.04, na kwa pistoni ya kufua huweza kufika mara mbili yake. Kipimo cha pili ni kiasi cha milimita 0.35. Mwanafunzi aliyesoma kwamba "uwazi" ni 0.35 akaipa pistoni nafasi hiyo atapata injini inayokunywa oili na kutoa moshi kama jiko la kuni. Aliyesoma 0.04 akaupima kwa ringi atapata balaa kubwa zaidi: ringi itatanuka, ncha zake zitagongana, itakwaruza silinda na huenda ikaivunja pistoni yenyewe.

Sisi tunapendekeza *nafasi* kwa kipimo cha kwanza na *mwanya* kwa cha pili. Mwanya ni ule mwachano wa meno ya mbele ambao pwani yetu huuhesabu kuwa pambo. Una ncha mbili zinazotazamana, na ringi nayo ndivyo ilivyo. *Uwazi* uachiwe mambo ya mikutano na hesabu za serikali.

Sasa tuje kwenye konrodi, ambayo rasimu imeiita *fimbo ya pistoni*. Tulipokwenda kusikiliza mafundi wa Kiembe Samaki, kandokando ya njia iendayo Uwanja wa Ndege, tulilitaja neno hilo kwa makusudi. Mmoja wao, mtu mzima aliyekuwa na mikono myeusi kwa oili hadi viwiko, alitujibu kwa upole: "Maalim, hiyo fimbo mpe mchunga ng'ombe. Hapa tuna konrodi." Mzaha huo una hoja ndani yake, ingawa hoja yenye nguvu zaidi ni ya historia. Katika mashine ya mvuke, kama zile za reli ya Bububu iliyoanza mwaka 1905, pistoni ilikuwa na fimbo yake iliyokazwa nayo, inayokwenda mbele na kurudi nyuma kwa unyoofu bila kupinda. Na fimbo hiyo ndiyo iliyoshikana na mkono mwingine uliozungusha gurudumu. Vilikuwa vitu viwili. Injini ya gari imekiondoa cha kwanza ikabaki na cha pili tu. Tukikiita hiki *fimbo ya pistoni*, siku tutakapofasiri kitabu cha mashine ya mvuke tutakuwa tumekwisha kulitumia jina la mwingine.

Wapo waliotetea *mchi*, wakiifananisha silinda na kinu. Taswira ni nzuri na ya kwetu, lakini inakwenda kinyume na kazi: mchi husukumwa na mkono ili uponde kilichomo kinuni, hali katika injini kilichomo ndani ndicho kinachousukuma. Kwa bomba la maji mchi unafaa. Kwa injini hapana. Wetu ni ushauri wa kuzikubali *pistoni* na *konrodi* kama zilivyo, zote katika ngeli ya N. Zimekwisha kukaa midomoni mwa wenye kazi kwa miongo mingi, na zinatii sauti za Kiswahili. Utaratibu wa kutafuta neno kwanza ndani ya Kiswahili, kisha katika lahaja na katika lugha za jirani, kabla ya kukopa ng'ambo, haukutungwa ili kufukuza maneno yaliyokwisha kupata uraia.

Juu ya konrodi yenyewe rasimu imesema machache, na tungependa iongeze. Watu hudhani konrodi huvunjwa na mlipuko unaoisukuma chini. Kumbe hatari kubwa iko pistoni inapofika juu mwishoni mwa kutoa moshi, pasipo chochote cha kuizuia ila konrodi inayoivuta irudi. Mvuto huo hukua kwa kipeo cha pili cha mwendo: mizunguko ikiongezeka mara mbili, mvuto huwa mara nne. Ndiyo maana bolti za tundu kubwa la konrodi hupewa heshima kuliko konrodi yenyewe, na ndiyo maana rasimu haikupasa kuandika *parafujo*, neno ambalo fundi seremala analijua kuwa ni la mbao. *Bolti* na *nati* zinatosha.

Katika vipimo vya kukereza, rasimu imeandika "saizi ya ziada 20" bila kutaja kizio. Gereji husema *ovasaizi*, na huhesabu kwa desturi mbili: magari ya Kiingereza ya zamani kwa elfu za inchi, ya Kijapani kwa sehemu za mia za milimita. Ishirini ya Kiingereza ni milimita 0.508; hamsini ya Kijapani ni 0.50. Zinakaribiana kiasi cha kumlaghai asiye na maikromita, lakini hazilingani, na tofauti yake ni moja ya tano ya ile nafasi ya pistoni ya kusubu tuliyoitaja. Kwa hiyo istilahi hii isiingizwe katika orodha yoyote bila kizio chake.

Liko pia neno *zilizoboreshwa*. Kwa mnunuzi wa spea, kilicho bora ni *jenuini*, yaani kilichotoka kwa mtengenezaji wa gari. Pistoni za kufua aghalabu hutoka kwa watengenezaji wengine kabisa, na ubora wake ni kwa kazi maalumu tu. Kwa gari la kupeleka watoto skuli pistoni ya kusubu ya jenuini huenda ikafaa zaidi, tena haigongi asubuhi. *Zilizoimarishwa* ni neno lenye adabu zaidi, kwani linasema nguvu imeongezwa bila kuahidi lolote jingine.

Yamebaki mawili ambayo hatukuyaamua. *Kunoki* kwa mafundi ni injini iliyogonga beringi na pia injini iliyokufa kabisa, na vitabu hulihitaji kwa petroli inayolipuka kabla ya wakati wake. Na sehemu ya chini ya pistoni, inayoitwa *sketi* gerejini, baadhi yetu tungependa iitwe *pindo*. Walimu wa ufundi wa Mbweni na Mwanakwerekwe, na wasomaji wa Pemba ambako huenda liko neno tusilolisikia mjini, wanaombwa watuandikie kabla rasimu haijarudishwa kwenye kamati.