Taya Lenye Mfupa Mchache

Mfupa unaoshika meno huishi kwa kazi. Kila mzizi wa jino umezungukwa na nyuzi fupi zinazoufunga kwenye taya, na mtu anapotafuna nyuzi hizo huuvuta mfupa, nao hujijenga upya. Jino liking'olewa, mvuto huo hukoma. Katika miezi 12 ukingo wa taya mahali pale hupoteza karibu nusu ya upana wake, na sehemu kubwa ya hasara hiyo hutokea katika miezi 3 ya mwanzo. Ukuta wa upande wa mdomo ndio hutangulia kuliwa, kwa kuwa kwenye meno ya mbele mara nyingi haufiki hata milimita 1 kwa unene.

Katika vijiji vingi vya Afrika Mashariki, jino linalouma huishia kung'olewa. Mvuvi wa Muhuta, nchini Burundi, aliyepoteza magego ujanani, akaishi miaka 20 akitafunia upande mmoja, siku anapotaka meno ya kudumu huwa amepungukiwa na vyote viwili, jino na mahali pa kulisimamisha. Zipo pia taya ambazo mfupa wake haukuwahi kukua vizuri. Katika sehemu nyingi za ukanda huu watoto wachanga hung'olewa chipukizi la chonge, kile Watanzania wanachokiita meno ya plastiki, kwa imani kwamba ndilo linaloleta homa na kuharisha. Kifaa kinachotumika kikiharibu na chonge la kudumu lililojificha chini yake, sehemu hiyo ya taya hubaki nyembamba hadi utu uzima.

Ufundi wa kisasa wa kupandikiza meno ulianzia kwenye taya la namna hiyo hiyo, jambo linalostahili kukumbukwa zaidi kuliko linavyokumbukwa. Mwaka 1952, huko Lund nchini Uswidi, daktari Per-Ingvar Brånemark alikuwa akichunguza mzunguko wa damu ndani ya mfupa wa sungura kwa kifaa cha titani. Alipotaka kukitoa, mfupa ulikuwa umekishika kabisa. Mwaka 1965 alimpandikizia skrubu za titani Gösta Larsson, aliyezaliwa na kasoro za taya, na mapandikizi hayo yalimtumikia Larsson mpaka alipofariki mwaka 2006. Mgonjwa wa kwanza hakuwa mwenye taya kamilifu.

Kazi huanza kwa kupima. Eksirei ya kawaida huonyesha kimo cha mfupa na kuficha unene wake, kwa hiyo daktari makini hutaka picha ya pande tatu. Skrubu yenye kipenyo cha milimita 4 huhitaji ukingo wa milimita 6 hivi, ili kila upande ubaki mfupa hai. Katika taya la chini, nafasi ya milimita 2 huachwa juu ya neva. Ikiguswa, mdomo unaweza kufa ganzi moja kwa moja. Katika taya la juu, uwazi wa hewa ulio ndani ya shavu hushuka baada ya magego kutoka, na pengine husaza milimita 3 au 4 tu za mfupa.

Kipimo kikishajulikana, daktari huchagua, na katika uchaguzi huu ndimo ubingwa unapoonekana. Anaweza kutumia skrubu fupi ya milimita 6. Anaweza kuiinamisha ili ifuate mfupa uliobaki. Paulo Maló wa Lisbon alijulikana kwa kusimamisha safu nzima ya meno juu ya skrubu 4, mbili za nyuma zikiwa zimelazwa. Anaweza kufungua kidirisha ubavuni mwa taya la juu, ainue utando wa ule uwazi bila kuutoboa, ingawa ni mwembamba mno, kisha ajaze chini yake mfupa uliochukuliwa kidevuni, nyongani au kwa ng'ombe baada ya kusafishwa. Pale ambapo taya la juu limekwisha kabisa, skrubu ndefu kupita milimita 30 hupelekwa hadi kwenye mfupa wa shavu.

Keke nayo hutaka mkono mtulivu. Mfupa ukifikia nyuzi 47 za joto kwa dakika moja tu hudhurika, hivyo maji ya chumvi humiminwa wakati wote wa kutoboa. Baada ya hapo hufuata kungoja: miezi 3 au zaidi kwa mfupa mzima, na 6 hadi 9 uwazi ulipojazwa. Kwa mtu wa Gitaza au Rumonge, huko huko Burundi, muda huo ni safari za kurudiarudia kwa daktari wa mjini, na mgonjwa aliyeelezwa mapema atakuja mara ngapi ametendewa haki.

Kwa kuwa kurudisha mfupa ni kazi ngumu kiasi hiki, sehemu ya ufundi huu inayostahili sifa kuliko zote hufanyika kabla skrubu haijatajwa, siku ya kung'oa. Mng'oaji mwema hakati wala hapanui ukuta wa mfupa kwa nguvu. Huigawa mizizi ya gego, akaitoa mmoja mmoja, akasafisha tundu, akamwambia mgonjwa aume kitambaa safi na asisukutue siku hiyo, ili bonge la damu libaki mahali pake, kwa maana mfupa mpya huanzia ndani ya bonge hilo.