Fundi wa Seva Hupimwa kwa Asichogusa

Seva inapokataa kuwaka na skrini ikaandika kwamba hakuna diski ya kuanzia, usimtazame fundi anafanya nini. Tazama anajizuia kufanya nini. Fundi bora huanza kwa maswali: umeme ulikatika? Kuna diski iliyobadilishwa? Programu zilisasishwa jana? Kisha huandika nambari ya kila diski na tundu lake kabla ya kuchomoa hata moja.

Kipimo cha kwanza ni kama anatenganisha data na njia ya kuifikia. Wazo la RAID, lililoandikwa na Patterson, Gibson na Katz wa Berkeley mwaka 1988, ni diski nyingi kushirikiana ili moja ikifa data ibaki. Kuwaka kwa mashine ni jambo jingine. Betri ya CR2032 kwenye ubao mama ikiisha, mipangilio ya BIOS hupotea. RAID iliyowashwa humo ikizimika, diski nzima kabisa huonekana kama zimesambaratika. Kwenye Linux, mara nyingi GRUB, programu ya kuanzisha mfumo, huwa imewekwa kwenye diski ya kwanza peke yake. Hiyo ikifa, pacha wake ana kila faili lakini hana pa kuanzia. Fundi anayetangaza kwamba data imepotea kabla ya kukagua haya, mshukuru umwage.

Kipimo kikubwa zaidi ni adabu yake mbele ya amri zinazoandika. Kidhibiti cha RAID kikibadilishwa, kipya huweza kuziona diski kuwa za kigeni, kikauliza: niingize mpangilio uliomo kwenye diski hizo, au niufute? Mwenye pupa hufuta, kisha huunda safu upya, na data hupotea. Kwenye mdadm, zana ya RAID ya Linux, mpaka uko kati ya kukusanya safu iliyopo na kuunda mpya. Mjuzi hutangulia kuchunguza tu. Kila diski hubeba hesabu ya matukio, inayopanda kadiri safu inavyobadilika, na humo ndimo ufundi unamoonekana. Tuseme RAID 5 imepoteza diski mbili, ilhali inavumilia kifo cha moja tu. Diski iliyotoka miezi mitatu iliyopita itakuwa na hesabu iliyobaki nyuma sana. Iliyotoka leo itakuwa imepitwa kidogo tu. Ukilazimisha ile ya zamani kurudi kundini, mafaili ya leo yatachanganyika na ya msimu uliopita. Mjuzi huiacha nje, hunakili diski dhaifu kwa programu ya ddrescue, na kama hapana budi kulazimisha, hufanya hivyo kwenye nakala.

Ile tabia ya kuwasha na kuzima mara kwa mara kwa matumaini siipendi hata kidogo: diski inayokufa huenda isistahimili hata mara moja zaidi.

Kama ni diski mbili pacha, usikubali kazi kwa sababu seva imewaka mara moja. Hakikisha chelezo ipo, kisha mwambie azime, achomoe diski ya kwanza na kuwasha. Airudishe, asubiri ulinganishaji uishe kabisa, ndipo azime tena na kuchomoa ya pili. Asiyeweza kusubiri ulinganishaji hajui anachokijaribu. Seva ikiwaka mara zote mbili, mlipe.