Nyika ya Ng'ambo katika Maisha ya Tippu Tip

Ujiji ulikuwa mwisho wa njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo kupitia Tabora. Mbele yake ni maji, na ng'ambo ya maji ni milima ya Kongo, ionekanayo siku isiyo na ukungu. Nchi iliyo nyuma ya milima hiyo, Manyema, watu wa pwani waliihesabu kuwa nyika ya mwisho: nchi ya misitu, ya pembe, na ya watu waliosemwa kuwa hula watu. Kabla Burton na Speke hawajafika Ujiji mwezi wa Februari 1858, wamisionari Erhardt na Rebmann walikwisha chora, kwa masimulizi ya wasafiri, ramani yenye ziwa moja kubwa mno lililomeza maziwa yote ya bara. Nyika hiyo ilitungwa kwa ulimi kabla ramani yake haijapimwa kwa miguu.

Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, yaliyochapwa Berlin mwaka 1902 na 1903 kwa juhudi za Heinrich Brode, yakatolewa tena pamoja na tafsiri ya W. H. Whiteley mwaka 1958 na 1959, husomwa zaidi na wanahistoria. Huchota humo majina, njia na bei, kisha hukiweka kitabu kando. Msomaji wa fasihi akiwaachia peke yao, amepoteza mali yake mwenyewe.

Stanley, aliyekutana na Tippu Tip huko Manyema mwaka 1876, aliifanya nchi kuwa giza, na giza hilo likaingia hata katika majina ya vitabu vyake. Tippu Tip hana giza. Umbali kwake ni siku za mwendo, na faida ya nchi ni frasila za pembe. Mtu aweza kuudhani ukavu huu kuwa upungufu wa sanaa. Kumbe ni lugha ya mfanyabiashara ambaye pori kwake si ajabu, ni soko.

Pazuri kuliko pote ni Utetera. Tippu Tip alisikia kwamba zamani wanawake wa ukoo wa jumbe Kasongo Rushie walitekwa wakapelekwa mbali. Akaichukua habari hiyo, akaishona na nasaba yake: mmoja wa mateka hao, akadai, aliingia katika ukoo wake, basi yeye ni damu yao, amerudi kwao. Mzee Kasongo akamwachia utawala. Nchi ikapatikana kwa hadithi (baruti nayo haikuwa mbali, hilo lisisahauliwe). La kushangaza zaidi ni kwamba msimulizi hauofichi uongo wake. Anausimulia kwa sauti ile ile ahesabuyo pembe, bila kucheka wala kutubu, na msomaji hujikuta amesimama upande wa mwongo kabla hajajiuliza neno. Huo ndio ufundi wa kitabu, nao ndio hatari yake.

Je, Kasongo alisadiki kweli? Huenda mzee huyo alimhitaji mgeni mwenye bunduki, akaikubali nasaba huku akijua. Kitabu hakimpi nafasi ya kujibu. Wala si yeye tu aliyenyimwa kauli. Sokoni Nyangwe, Julai 1871, Livingstone alishuhudia watu wa misafara wakiwapiga risasi wanawake waliokuja kuuza. Akarudi Ujiji amevunjika moyo, na huko ndiko Stanley alikomkuta mwaka ule ule. Ushahidi huo wapasa kusomwa kando ya Maisha, ili ule utulivu wa sauti upimwe.

Shaaban Robert naye, katika Kusadikika (1951), ana nchi ya kubuni na wajumbe sita waliotumwa nchi za jirani. Hao hurudi na mambo ya kuwafaa wenzao, wakafungwa kwa ajili hiyo. Misafara ya Tippu Tip ilirudi na pembe, na mwenyewe akatukuzwa.

Mjini Ujiji wapo hata leo Wamanyema, wazao wa watu waliovuka ziwa kutoka upande ule, wengine kwa minyororo, wengine wakiwa wapagazi na wafanyabiashara. Kwao ng'ambo haikuwa nyika, ilikuwa nyumbani. Mwanafunzi aendaye Kigoma aweza kuanza kwa kuwauliza wazee wao jinsi Kasongo anavyotajwa huko, kama anatajwa.