Nyuzi Nane Ni Nane

Mliotazama onyesho la taarab asilia Ijumaa iliyopita, ukumbini au kwenye televisheni, mlimwona kijana wa mandolini akipanda jukwaani na chombo chenye nyuzi nne. Kichwani vigingi vinane, vinne vitupu. Niseme mapema: ulikuwa uamuzi mbovu, na madhara yake yalianza kusikika kabla bashraf ya kufungulia haijafika nusu.

Mwimbaji aliimba vizuri, kanuni ilikuwa safi, fidla zilikwenda pamoja na mpiga dumbak hakukimbia hata mara moja. Hayo tuyaache, hayana ugomvi.

Mandolini ile naifahamu, niliiona kwa fundi kabla haijapigwa vanishi. Uso bapa wa msonobari, mgongo na mbavu za mninga, ubao wa vidole wa mpingo, daraja linaloshikwa na mkazo wa nyuzi tu bila gundi. Haina nakshi wala lulu, na bei yake haifiki ya simu ya kawaida. Ni chombo cha aina ambayo safu hii imeipigia debe miaka mingi, huku vijana wakikopa fedha wanunue vya kiwandani vinavyong'aa, vyenye uso mzito usiotikisika. Uso bapa hauhitaji kuchongwa mbinuko, ndiyo maana unakuwa nafuu, na sauti yake ni ya mviringo, inakaa vizuri chini ya mwimbaji. Gibson wa Kalamazoo waliwatengenezea wanajeshi wa Marekani mandolini za uso bapa zama za Vita Kuu ya Kwanza, na zilizosalia zinapigwa hadi leo. Unyenyekevu wa umbo haujawahi kuwa kasoro.

Sasa huyu kapata chombo kama hicho, kakipunguza nusu.

Sababu yake tuliisikia wote kwenye mahojiano kabla ya onyesho. Mandolini ina freti, na freti hazina robo toni. Anataka kupiga makamu za rasti na bayati kama wenzake wa udi na fidla, basi katoa uzi mmoja katika kila jozi ili ule uliobaki ausukume kwa kidole mpaka ufike kwenye robo. Si hoja ya kipuuzi. Kusukuma jozi nzima ni taabu, maana nyuzi mbili haziendi sawasawa na sauti inapasuka. Tatizo alilitambua. Dawa ndiyo aliyokosea.

Turudi kwenye taksim ya wimbo wa pili, pale kamera ilipousogelea mkono wake. Rasti ya C inadai E inayokaa kati ya E flati na E yenyewe, na B ya namna hiyohiyo. Kwenye mandolini, iliyotuniwa kama fidla, G, D, A, E, sauti hizo mbili zinaangukia wapi? E iko uzi wa D, B iko uzi wa A, na ukitaka kuzipata hapo kwa kusukuma lazima uanzie freti ya kwanza, jirani kabisa na kizingiti, mahali ambapo uzi ni mgumu kuliko popote kwenye shingo. Mlimwona. Ukucha wa kidole cha shahada ulikuwa mweupe, uzi ulisogea kidogo ukagoma, na ile E ikabaki chini. Fidla ikajibu nyuma yake na E iliyo sahihi. Tukasikia E mbili zimesimama bega kwa bega, na hakuna iliyokubali kuondoka. Akarudia mara ya pili, ikawa vilevile. Mara ya tatu akaikwepa sauti yenyewe, akapiga taksim ya rasti isiyo na rasti.

Kwa hiyo kile alichokitolea nyuzi nne sadaka hakukipata. Na gharama ilikuwa bado inakuja.

Nyuzi nane za mandolini zikikazwa sawasawa huvuta kwa pamoja zaidi ya kilo 60. Sehemu ya mvuto huo hulikandamiza daraja juu ya uso, na kukandamizwa huko ndiko kunakouwezesha mtikisiko wa nyuzi kuufikia uso ukatoa sauti. Toa nusu ya nyuzi, ukandamizaji nao unaanguka nusu. Chombo kilichopimwa na fundi kwa nyuzi nane kikazungumza kwa sauti ya mgonjwa. Halafu ukisukumasukuma nyuzi kwa ubavu juu ya daraja lisilo na gundi wala uzito wa kulishika, litahama. Lilihama wimbo wa tatu. Wenye masikio walilijua pale alipopanda freti ya saba na kila kitu juu ya hapo kikawa nje kidogo, hadi mwisho wa onyesho.

Wimbo wa nne ulikuwa wa pole, wa kuvuta, na hapo mandolini hutegemewa kwa tremolo, kwa sababu haina upinde wa kuishikilia sauti. Tremolo inaishi kwenye jozi. Nyuzi mbili za A hazilingani kabisa hata kwa mtuni hodari. Moja ikiwa 440 na nyingine 441, sauti inapumua mara moja kila sekunde, na pumzi hiyo huziba nafasi kati ya pigo na pigo la risha. Uzi mmoja haupumui. Mlichosikia ni kila pigo peke yake, kavu, kama mtu anayegonga dirisha. Fundi mitambo akafanya kile mafundi mitambo wetu wanachofanya siku zote: akapandisha sauti, akamwaga mwangwi. Nimeandika na nitaandika tena kwamba mwangwi hautengenezi sauti iliyokosekana kwenye chombo. Desturi hiyo ililetwa na vinanda vya umeme, na sasa inawafuata hata wanaopiga mbao na waya.

Taarab yetu imejengwa juu ya nyuzi zilizorudufiwa. Kanuni ina nyuzi tatu kwa kila sauti. Udi una jozi, na marehemu Zein l'Abdin wa Lamu alipata kwenye jozi hizo kila robo aliyoitaka, shingo isiyo na freti ikimsaidia. Hakuna aliyemwambia atoe nusu.

Najua nitatajiwa U. Srinivas wa kusini mwa India, aliyefariki 2014. Ni kweli alipiga nyuzi tano za mmoja mmoja, na alikuwa bingwa. Lakini mandolini yake ilikuwa ya umeme, sauti ikitoka kwenye amplifaya, na mbinu yake nzima ya kuuteleza na kuuvuta uzi ilijengwa juu ya chombo hicho tangu utotoni. Hakuchukua mandolini ya uso wa msonobari akaing'oa nyuzi wiki moja kabla ya onyesho. Mfano unaofaa zaidi ni wa Bill Monroe wa Kentucky. Inasimuliwa kwamba alipokuwa mdogo kaka zake walimtaka apige nyuzi nne tu, ili asiwapigie kelele. Walijua nyuzi nne zinafanya nini. Alipokuwa mkubwa alipiga nane, na muziki aliouanzisha unazidai nane.

Na hata mtu ambaye hajawahi kuishika mandolini anaijua sauti yake, kwa sababu ya Shah Rukh Khan kwenye shamba la haradali katika filamu ile ya 1995. Utamu ule ni wa jozi.

Angetaka robo toni kweli, angemtazama El Hadj M'hamed El Anka wa Algiers, sultani wa muziki wa chaabi, aliyefariki 1978. Chombo cha chaabi ni mandole, ndugu mkubwa wa mandolini, chenye nyuzi za jozi. Mafundi wa kule wanaotaka robo toni wanaongeza freti, hawapunguzi nyuzi. Buzuki ya Sham nayo ina freti za kufungwa zinazosogezwa. Njia hiyo ina umri mrefu kuliko klabu zetu zote.

Hapa ndipo ninapokasirika hasa, kwa sababu faida kubwa ya kumiliki chombo cha mkono cha bei nafuu ni kwamba aliyekitengeneza yupo, anajulikana mtaani, na ukimpelekea shida yako ataichongea dawa. Mwenye mandolini ya kiwandani ya fedha nyingi anaogopa hata kuigusa kwa msasa. Huyu hakuwa na sababu ya kuogopa. Shingo ile ina urefu wa nyuzi wa sentimita 35 hivi. Kati ya freti ya kwanza na ya pili kuna karibu sentimita 1.8, na robo inayotakiwa inakaa takriban katikati yake. Freti moja fupi chini ya jozi ya D na jozi ya A, E ya rasti inapatikana, B inapatikana, hakuna kusukuma, na daraja linakaa kwake. Kwa fundi mwenye mkono ule ni kazi ya asubuhi moja, na nyuzi nne zinazokosekana zinauzwa dukani.