Starlet, mabomba na fundi wa mageti

Kijana akishapata gari la kujengea rali, kitu cha kwanza anachouliza gereji ni injini. Aweke tabo? Atafute iliyokatwa Japani yenye sisi (cc) nyingi? Na sisi tuliuliza, siku Starlet yetu ilipovutwa kwa kamba mpaka kwenye uwanja wa gereji moja ya Morogoro. Aliyetupokea wala hakuwa fundi wa injini. Riziki yake ni mageti na grili za madirisha, na ndiye aliyelijenga gari lile kuliko mtu mwingine yeyote. Injini yenyewe, 4E-FE ya sisi 1,331 iliyotoka nayo kiwandani, ilibadilishwa mkanda wa taimingi, plagi na oili, bonet likafungwa.

Mwenye fedha kidogo aanze na chuma. Barabara ya vumbi mara chache humtoa mtu mashindanoni kwa udogo wa injini. Humtoa kwa shokapu iliyomwaga oili, sampu iliyotobolewa na jiwe, au boli jointi iliyochomoka kwenye kona. Katika Safari Rally ya 1993, Toyota Celica zilijaza nafasi nne za juu, na nyuma yake, ya tano, ya sita na ya saba, zikaingia Daihatsu Charade, vigari vya silinda tatu. Mwaka 1965 Joginder Singh na ndugu yake Jaswant walishinda Safari kwa Volvo PV544 ambayo ilikuwa imeshachoshwa na mbio kabla haijafika mikononi mwao. Kwa hiyo aliyekwambia rali ni ya magari mapya yenye nguvu hajafungua historia ya mbio za hapa kwetu.

Starlet tuliichagua kwa sababu ni nyepesi, spea zake hazimtoi mtu jasho pale Ilala, na chini yake hakuna mafumbo: strati mbele, ekseli ya kipande kimoja nyuma. Tulianza kwa kuivua. Viti, zulia, plastiki za milango, vyote nje. Sakafu ya gari la Kijapani imebandikwa lami ngumu ya kuzuia makelele, na lami hiyo ni uzito wa bure. Tuliipasha kwa tochi ya gesi na kuikwangua kwa patasi butu, siku mbili, na harufu yake ilibaki kwenye nguo zetu wiki nzima.

Kisha ikaja keji, fremu ya mabomba inayowalinda waliomo gari likibingirika, na hapa ndipo kazi ilipokuwa kazi. Keji ya kuagiza Ulaya ilikuwa inazidi bei ya gari zima. Lakini kanuni za FIA, shirikisho la mbio za magari duniani, Kiambatisho J, kifungu cha 253, hazikulazimishi kununua. Zinakwambia tu bomba liwe la namna gani: chuma cha kaboni kisicho na mshono, kilichovutwa baridi. Upinde mkuu, ule unaosimama nyuma ya viti, uwe na kipenyo cha milimita 45 na unene wa 2.5, au 50 kwa 2. Mabomba mengi yanayobaki, 38 kwa 2.5 au 40 kwa 2. Ingiza kidole kwenye mdomo wa bomba. Ukigusa mstari umeinuka kwa ndani, hilo ni bomba la geti, lirudishe dukani. Usipougusa bado hujamaliza, dai cheti cha bomba.

Fundi wetu alizoea kukunja bomba kwa kulijaza mchanga na kulipasha moto mpaka liwe jekundu. Kwenye keji hilo haliruhusiwi: bomba hukunjwa baridi, na kona yake isiwe kali kuliko mara tatu ya kipenyo. Tukakodi mashine ya haidroli. Kona ya kwanza ilibonyea. Tulipopima kwa kalipa, upande mmoja milimita 47, mwingine 40. Gawanya 40 kwa 47 unapata 0.85, na kanuni inataka isishuke chini ya 0.9. Bomba lile sasa ni mguu wa benchi la gereji. Kosa lilikuwa kalibu ya mashine, haikuwa ya saizi ya bomba letu. Tulipopata ya saizi yake, kona zilitoka safi.

Kilichonifurahisha zaidi ni namna alivyochomelea juu. Keji nzuri hulala karibu kabisa na paa, na hapo ndipo penye tatizo, maana mkono hauingii, na kiungo kisichochomelewa mzunguko mzima kitafunguka siku gari likibingirika. Wenye fedha hukata paa. Yeye alikaa kimya kidogo, akatoboa sakafu matundu manne chini ya miguu ya keji, akaishusha yote mpaka miguu ikatokeza chini ya gari. Juu pakabaki nafasi ya kutosha kupitisha mkono na bunduki ya kuchomelea. Alipomaliza kila kiungo, tukainyanyua keji kwa jeki mpaka ikagusa paa, akaziba matundu kwa bati, kisha akaweka sahani za chuma chini ya kila mguu. Mbinu hii haikuanza kwake, wajenzi wa keji wanaijua Ulaya na kwingineko. Yeye aliifikia kwa sababu amezoea kuingiza grili kwenye madirisha yaliyokwisha kupigwa lipu.

Shokapu ndizo zilizokula fedha kuliko vyote baada ya keji, na sijutii. Shokapu hugeuza mtikisiko kuwa joto. Oili yake ikichemka na kufanya povu, gurudumu linaanza kudunda badala ya kushika njia. Kuna ujanja wa mtaani wa kupachika raba katikati ya springi ili gari liinuke. Kwa teksi sawa, kwa rali hapana. Koili iliyokabwa na raba haifanyi kazi, zilizobaki zinabeba mzigo wote, na safari ya springi inapungua pale unapoihitaji. Tuliweka springi ngumu zaidi, tukaliinua gari sentimita 3 tu, maana zaidi ya hapo sivi jointi zinakaa upande na kuliwa haraka. Vikombe vya juu vya strati tukaviongezea bati.

Mengine yalikwenda upesi. Paipu za breki na za mafuta tulizipitisha ndani ya gari, mawe yasizifikie. Sampu gadi ilitokana na bati la milimita 4, na oili ya breki tukaweka DOT 4 mpya.

Kuna mahali pa kubana matumizi na mahali pasipobanika. Viti vya mtumba kutoka Ulaya vinavutia, lakini soma lebo: kiti cha kiwango cha FIA 8855-1999 kina miaka mitano tangu kitengenezwe. Nilimwona jamaa amenunua pea nzuri kabisa, rangi inang'aa, muda umeshapita. Hayo ni masofa. Mkanda, kiti, mtungi wa kuzimia moto na swichi ya kukata umeme tulinunua vipya, na ndiyo sababu gari letu halikupakwa rangi mpaka leo.

Kwenye ukaguzi wa kabla ya mbio tulikataliwa. Mkaguzi aliinama na rula, akapima sahani ya mguu wa keji: sentimita 10 kwa 10. Kanuni inataka sentimita za mraba 120, unene usipungue milimita 3. Nilitaka kubishana juu ya zile 20. Fundi akanivuta shati. Alijua kuliko mimi kwamba bati la sakafu halifiki hata milimita moja, na sahani ndogo ndiyo inayofanya bomba litoboe sakafu kama msumari. Usiku ule tulikata nyingine, 12 kwa 11, tukachomelea kwa taa ya jenereta.

Tulimaliza mbio karibu na mkia. Gari lilipopoa, fundi aliingia na tochi, akalala chali chini ya dashibodi. Kwenye mguu wa kushoto wa keji aliona ufa mwembamba kwenye rangi. Akaukwangua kwa ukucha. Chini yake chuma kilikuwa kizima. Akachora alama ya msalaba kwa chaki pembeni yake, akatuambia tusiifute, ataitazama tena baada ya mbio zijazo.