Nauli, Posho na Jina: Ujira wa Mwandishi wa Safari katika Nathari ya Kiswahili

Mhakiki anayesaka chimbuko la nathari ya Kiswahili huelekea kwanza kwa James Mbotela na Shaaban Robert, kisha hurudi nyuma hadi kwenye tarikhi za miji ya pwani. Masimulizi ya safari yaliyochapishwa mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20 hutajwa kwa kupita tu, na aghalabu huachiwa mwanahistoria. Sababu inayosikika mara kwa mara ni kwamba waandishi wake walikuwa watu wa kuajiriwa: walisafiri kwa fedha za wengine, wakaandika kwa kuagizwa, na kwa hivyo hawakuwa na uhuru unaostahili kuitwa wa kifasihi. Makala haya yanaipinga hoja hiyo. Yanashikilia kwamba ujira ni sehemu ya fani ya utanzu wenyewe, na kuwa msomaji asiyeuliza ni nani aliyelipa nauli hawezi kuyasoma masimulizi haya ipasavyo.

Swala la ujira humkabili mwandishi wa safari kwa namna isiyowakabili watunzi wengine. Mtunzi wa riwaya anaweza kuumba mji mzima bila ya kuvuka kizingiti cha nyumba yake. Mwandishi wa safari sharti ale, alale na avuke mipaka kabla ya kuandika sentensi ya kwanza. Gharama ya kazi yake hutangulia kazi yenyewe, na mara nyingi hutoka katika mfuko wa mtu mwingine. Wahenga walinena kwamba mkono mtupu haulambwi. Swali la kihakiki ni jinsi mkono huo uliojaa unavyojitokeza katika lugha, katika mpangilio wa matukio na katika yale yanayonyamaziwa.

Mfano wa kale wenye uhusiano na pwani hii ni ule wa Ibn Battuta, aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331. Kitabu chake hakukiandika kwa mkono wake. Alimsimulia Ibn Juzayy, kwa amri ya Sultani Abu Inan wa Morocco, na kazi ikakamilika mwaka 1355. Katika miaka mingi ya safari zake aliishi kwa elimu yake ya sheria, kwa vyeo vya ukadhi alivyopewa Delhi na katika visiwa vya Maldives, na kwa zawadi za watawala. Si ajabu, basi, kuwa zawadi ikawa kipimo chake cha utu. Sultani wa Kilwa, al-Hasan bin Sulaiman, aliyejulikana kwa lakabu ya Abu al-Mawahib, yaani mwenye vipawa vingi, anasifiwa kwa ukarimu na unyenyekevu wake. Mtawala wa Mali, ambaye Ibn Battuta alimfikia mwaka 1352, anakejeliwa kwa sababu zawadi yake ya kumkaribisha mgeni ilikuwa mikate mitatu, kipande cha nyama ya ng'ombe na kibuyu cha maziwa ya mgando. Hata hivyo, Ibn Battuta haufichi ujira wake. Anauorodhesha waziwazi, na kwa kufanya hivyo anamkabidhi msomaji mizani ya kupimia hukumu zake. Anayesoma sifa za Kilwa anajua zimetoka katika kinywa kilichokirimiwa.

Katika Kiswahili, mkusanyo wa kutazamwa kwanza ni Safari za Wasuaheli, uliohaririwa na Carl Velten na kuchapishwa Göttingen mwaka 1901. Velten alikuwa amefanya kazi ya ukalimani katika serikali ya Wajerumani Afrika Mashariki kabla ya kurejea Berlin kufundisha Kiswahili katika chuo cha lugha za Mashariki, kilichoanzishwa mwaka 1887. Wanafunzi wa chuo hicho ni pamoja na maafisa waliokuwa wakitayarishwa kwa utawala wa koloni. Hivi ni kusema kwamba msomaji wa kwanza wa masimulizi hayo hakuwa mtu wa Bagamoyo wala wa Lamu. Alikuwa mwanafunzi wa Kijerumani aliyehitaji matini ya kujifunzia lugha na kuwajua watu aliokusudia kuwatawala.

Ndani ya mkusanyo huo mna masimulizi ya Salim bin Abakari, mzaliwa wa Ngazija, kuhusu safari ya mwaka 1896 ya Urusi na Siberia. Salim alikuwa mtumishi wa Daktari Theodor Bumiller. Njia hakuichagua yeye, nauli hakuilipa yeye, na muda wa kukaa katika kila mji haukuwa shauri lake. Lakini kichwa cha masimulizi kinasema "safari yangu". Kimilikishi hicho kinastahili uzito kuliko kilivyowahi kupewa. Kwa sheria na kwa fedha, safari ilikuwa ya bwana wake. Kwa simulizi, inakuwa ya mtumishi. Tena anayetazama ndiye anayetazamwa: watu wa Urusi wanaomshangaa mtu mweusi wanageuzwa kuwa habari ya kusimuliwa na yule waliyemshangaa. Anapowafikia Waislamu wa nchi hizo, anaonyesha ujuzi ambao cheo chake cha utumishi hakikuweza kuutoa wala kuuondoa. Imani ya msafiri inampa nafasi ya kuwa mgeni wao kwa haki yake mwenyewe. Katika sehemu kama hizi ndipo msomaji anapoona kile ambacho ujira haukununua.

Hali ya Mtoro bin Mwinyi Bakari ni nzito zaidi. Msomi huyu wa Bagamoyo alichangia masimulizi ya safari yake ya Udoe na Uzigua katika mkusanyo huohuo, na alikuwa mchangiaji mkuu wa Desturi za Wasuaheli, kitabu kilichotoka mwaka 1903 kwa jina la Velten. Tangu mwaka 1900 alikuwa Berlin akifundisha Kiswahili. Mwaka 1905 aliacha kazi hiyo, na alipojaribu kurudi nyumbani pamoja na mkewe Mjerumani, wakuu wa koloni hawakuwaruhusu kushuka Dar es Salaam. Alirejea Ujerumani, akaendelea kuishi kwa kutoa mihadhara juu ya Afrika, na akafia huko mwaka 1927. Mtu aliyewaeleza wageni habari za nchi yake alizuiwa kuikanyaga nchi hiyo akiwa na mkewe. Kuhusu jina, ilibidi kungojea hadi mwaka 1981, tafsiri ya Kiingereza ya J. W. T. Allen ilipompa Mtoro nafasi ya mtunzi. Posho aliipata alipokuwa hai. Jina lilimfikia zaidi ya nusu karne baada ya kifo chake. Historia hii inaonya dhidi ya kuudhania ujira kuwa fedha peke yake. Kutambuliwa kuwa mtunzi ni ujira pia, na ndio uliozuiliwa kwa muda mrefu zaidi.

Martin Kayamba anafungua ukurasa mwingine. Mwaka 1931 alikwenda London pamoja na Mtemi Makwaia na Francis Lwamgira, wakiwa mashahidi wa Tanganyika mbele ya kamati ya bunge iliyochunguza pendekezo la kuziunganisha nchi za Afrika Mashariki. Kutoka Kenya walikwenda Chifu Koinange, James Mutua na Ezekiel Apindi kwa shughuli hiyohiyo. Mwaka uliofuata Kayamba alichapisha Tulivyoona na Tulivyofanya Uingereza. Yeye pia alikuwa mtu wa mshahara, karani wa ngazi ya juu katika serikali ya kikoloni, na haingetarajiwa aandike kama mpinzani wa dola iliyomwajiri. Lakini kichwa cha kitabu kina vitenzi viwili. Kuona ni kazi ya kila mtalii; kufanya ni kazi ya shahidi. Kitenzi cha pili kinakumbusha kwamba Waafrika hawa hawakwenda kuyashangaa majumba ya London pekee. Walikwenda kusema jambo mbele ya bunge, na Kayamba alisema kwamba muungano huo haukufaa. Isitoshe, kitabu kiliandikwa kwa Kiswahili kwa ajili ya wasomaji wa Afrika Mashariki. Mlipaji wa nauli na msomaji aliyekusudiwa wametengana, na katika mwanya huo mwandishi anapata nafasi ambayo Salim na Mtoro hawakuwa nayo.

Inaweza kudaiwa kwamba usomaji wa aina hii unawapa waandishi hawa uasi wasiokuwa nao. Mkono wa mhariri upo katika matini za Velten. Tahadhari ya karani ipo kwa Kayamba. Dai hilo lina uzito, lakini linaelekea kuangukia kosa lililo kinyume chake: kuwaona waandishi kuwa vinywa vitupu vya mabwana wao. Mhakiki halazimiki kuchagua kati ya shujaa na kibaraka. Mtu anaweza kula posho ya mwingine na bado akachagua kitenzi chake, kimilikishi chake na msomaji wake. Uchaguzi huo ndio mtindo, na mtindo ndio shamba la mhakiki. Aidha, anayewakataa waandishi hawa kwa kuwa walilipwa atajikuta akimkataa Ibn Battuta pamoja nao, jambo ambalo hakuna idara ya fasihi iliyo tayari kulitenda.

Umuhimu wa swala hili hauishii kwenye maandishi ya kale. Mwandishi wa safari wa leo anaweza kulazwa bure katika hoteli anayoisifu na kusafirishwa na kampuni inayotazamia sifa hizo. Tofauti yake na Ibn Battuta ni kwamba mara nyingi orodha ya zawadi haimo katika makala yake. Msomaji ananyang'anywa mizani. Mwanafunzi aliyezoezwa kumsoma Salim kwa kuuliza nani alilipa, nani aliandikiwa na jina la nani liliwekwa juu ya jalada, atakuwa na zana ya kuyasomea maandishi hayo mapya pia.

Mabaharia husema kuwa mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Uhakiki wa masimulizi ya safari nao hauna budi kurejea ngamani, palipowekwa shehena na gharama za chombo. Kozi za nathari ya Kiswahili zingefaidika kwa kuwarudisha Salim, Mtoro na Kayamba katika orodha za vitabu vya lazima, wasomwe kwa fani yao sawa na maudhui yao. Walisafiri kwa nauli ya wengine, lakini sentensi walizoziacha zinadai kusomwa kama mali yao.